Jinsi maua ya uzio yalivyoingia mezani kwetu Bukavu

Uzio wa nyumba yetu ya Nguba umefunikwa na kapusini, yale maua ya manjano na ya rangi ya chungwa yenye majani ya mviringo, na kwa muda mrefu niliyaona kuwa pambo tu, mpaka jirani aliponipa ua moja nilitafune, nalo likaniwasha ulimi kama figili.

Mara ya kwanza niliyapika kama lengalenga. Yalinywea, yakapoteza ule ukali wote, na mama mkwe akasukuma sahani akiuliza, «Mama Neema, leo tunakula maua sawa mbuzi?» Baadaye nilielewa kosa langu. Kapusini ina glukosinolati, jamii ileile ya viambata iliyomo katika kabichi na haradali, na ukali hauzaliwi mpaka ua lipondwe au litafunwe, ndipo kimeng'enya, yaani protini inayochochea mabadiliko ya kikemia, kilichotengwa ndani ya seli kinapokutana na viambata hivyo na kuvigeuza. Moto hukiharibu kimeng'enya hicho kabla hakijafanya kazi.

Tangu hapo tunayala mabichi. Nayachuma asubuhi, kisha nafungua ule mkia mwembamba ulio nyuma ya kila ua, kwa maana sisimizi hujificha humo wakifuata utamu, na maji peke yake hayawatoi. Nayachanganya na avoka, si kwa ajili ya ladha tu: rangi ya manjano hutokana kwa sehemu kubwa na luteini, ambayo hupatikana pia katika retina ya jicho, na mwili huifyonza vizuri zaidi ikiliwa pamoja na mafuta.

Haibiskasi nyekundu ya mlangoni ilinifundisha jambo jingine. Nilitoa petali peke yake, nikazimwagia maji ya moto, nikapata kinywaji cha zambarau iliyofifia ambacho hakikumvutia mtu yeyote. Nilipokamulia limau, kikageuka chekundu papo hapo. Rangi hiyo ni anthosianini, rangi asilia za mimea zinazozuia uoksidishaji, yaani uharibifu unaoletwa na oksijeni, na hubadilika kufuatana na uchachu. Chupa niliyoiacha dirishani juani ilipauka, kwa hiyo sasa natengeneza cha kutosha siku moja.

Sidai kwamba hii ni dawa. Maua kumi hayafiki uzito wa kitunguu kimoja, na bakuli la lengalenga bado linatushibisha na kutupa vitamini kuliko sahani nzima ya petali. Maua ya kununua siyaweki mezani, kwani yaliyokuzwa kwa ajili ya mapambo huenda yamepuliziwa dawa za wadudu. Lile ua jeupe la umbo la tarumbeta, linaloning'inia kwenye uzio wa nyuma, niliwaonyesha watoto mmoja mmoja na kuwakataza hata kuligusa, kwa sababu lina skopolamini na atropini, nazo ni sumu.

Mama mkwe hadi leo hagusi kapusini. Haibiskasi anakunywa, ila anataka limau likamuliwe mbele yake, aone rangi ikigeuka.