Chaja niliyoilaza juu ya betri kuukuu

Mwezi wa tano Malindi hulala. Kusi inavuma, masika yanashuka, hoteli kadhaa zinafunga milango, na sisi tunaopeleka wageni Gede na Marafa twabaki kuyaosha magari yasiyokwenda popote. Hiace yangu ilikaa wiki tano chini ya mkwaju bila kuwashwa. Betri huisha hivyo hivyo ikiwa imetulia: yenyewe hupoteza chaji, na king'ora cha wizi nacho chanyonya kidogo kidogo, usiku na mchana.

Siku nilipopigiwa simu ya safari nikazungusha ufunguo, nikasikia tk-tk-tk. Sikushtuka, chaja ninayo. Nikaitoa stoo, nikabana chekundu kwenye chanya na cheusi kwenye hasi, nikachomeka. Taa ya umeme ikawaka, ya kuchaji ikakataa. Nikabadilisha soketi. Nikafungua plagi nikatazama fyuzi yake ya ampea 13, nzima. Nikaazima mita ya kupimia volti kwa jirani, nikaigusisha kwenye vibano vya chaja vikiwa vitupu: sifuri. Nikasema basi, imekufa, na roho iliniuma, maana niliinunua msimu ulipokuwa mzuri na sikujua lini nitapata pesa za nyingine.

Nikaibeba pamoja na betri hadi kwa mzee mmoja fundi wa betri, Maweni. Hata bisibisi hakushika. Aliviinua vibano, akavinusa.

"Mwanangu, hii ulikuwa ukiiweka wapi?"

"Stoo, mzee. Juu ya ile betri yangu ya zamani."

Akavuta mpira wa waya nyuma kidogo. Ndani shaba ilikuwa kijani kama ukuta wa birika, na nyuzi zikakatikia mkononi mwake. Betri kuukuu juu yake huwa na unyevu wa asidi usiouona kwa macho, na mimi nilikuwa nikiuzungushia waya pale pale, miaka miwili. Ongeza upepo wa chumvi: nyumba yetu iko karibu na ufuo, hata bawaba za milango haziishi mwaka.

Alikata waya vidole vitatu hadi akafikia shaba inayong'aa, akafunga vibano vipya. Vichwa vya betri akavisugua kwa mswaki na baking soda iliyokorogwa katika maji ya vuguvugu, akavikausha, akapitisha msasa.

Na bado chaja haikukubali! Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo ningependa kila mwenye gari alijue. Alipima betri: volti 9.8. Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika husoma kama 12.6. Chaja nyingi za kisasa hupima kwanza kabla ya kutoa umeme, na zikikuta volti ziko chini mno huhesabu kwamba hakuna betri. Ndiyo sababu vibano vitupu vilinisomea sifuri. Haukuwa ushahidi wowote kwamba chaja imekufa. Sijui ni chaja ngapi nzima zimetupwa jaani kwa kipimo hicho.

Mzee akaunganisha betri nyingine nzima, ya kuazima, na yangu, chanya kwa chanya, hasi kwa hasi, akawasha chaja, taa ikakubali, kisha akaiondoa ile ya kuazima. Yote hayo tulifanya nje, penye upepo, na kijana aliyekuwa akivuta sigara alifukuzwa. Betri inapochajiwa hutoa haidrojeni, na cheche moja yatosha kuilipua. Kwa hiyo pia chomoa ukutani kwanza, ndipo uguse vibano.

Chaja sasa haikai stoo. Inaning'inia kwenye msumari ukumbini, waya zimezungushwa duara pana zisivunjike ndani, na vibano nimevipangusa vikavu. Mke wangu alinishonea mfuko kwa leso yake ya zamani. Nilitaka kuifunga kwenye plastiki, mzee akakataa: plastiki hufungia unyevu ndani, na masika yetu yana unyevu wa kutosha. Ile betri kuukuu nimeiuza kwa wanunua vyuma.

Betri ilichaji usiku kucha. Asubuhi, baada ya kuiacha itulie saa chache, ikasoma 12.4. Mzee hakunificha: ikilala ikiwa tupu muda mrefu, sahani za ndani hushika ganda na hairudi kuwa kama ilivyokuwa. Tangu hapo naichaji kila baada ya wiki mbili, gari liende lisiende. Ijumaa iliwasha mara moja, na tulifika Marafa jua likiwa bado juu ya yale makorongo mekundu. Jumapili nitaipima tena.