Miche yangu ya nyanya ilikuwa na njaa ya jua

Nyumba yetu iko Mkomani, ndani ya mji wa kale wa Lamu, kwenye kichochoro ambacho ukikutana na punda mwenye mzigo huna budi kujibana ukutani. Mbegu za nyanya nilizisia kwenye beseni kuukuu, nikaliweka kiwandani, yaani ule ua mdogo wa ndani, karibu na maji.

Ziliota vizuri, nikafurahi kuona zinavyorefuka. Wiki ya pili furaha ikaniisha. Miche imefika shubiri moja, lakini shina jembamba kama uzi, jeupe, na majani mawili ya manjano kileleni. Yote imeinamia upande mmoja. Nikaligeuza beseni, kesho yake imeinamia upande wa pili, kule kule unakoingia mwanga.

Bado nikadhani imekosa chakula. Nikaongeza samadi ya punda, nikazidisha na maji. Miche tisa ikalala, imeoza pale shina linapotokea udongoni. Iliniuma sana, maana mbegu zile nilizikamua na kuzianika mwenyewe.

Shangazi alipokuja aliitazama mara moja tu. "Mwanangu, mche wenye njaa hudumaa. Hii yakimbia, yatafuta jua."

Siku hiyo nilikaa kiwandani kutazama. Kuta za ghorofa mbili zimezunguka pande zote, na jua lilifika sakafuni adhuhuri tu, halikutimiza saa nzima. Nyanya hutaka jua la muda wa saa sita au zaidi kwa siku. Ikilikosa, humaliza nguvu zake kurefusha shina, na ukijani hautengenezeki bila mwanga.

Nikaihamishia juu ya nyumba. Mitatu niliiweka kwenye jua kali kwa pupa, na kufika alasiri majani yamebabuka, meupe kama karatasi. Iliyobaki nikaizoesha: siku ya kwanza muda wa saa moja tu asubuhi, kisha nairudisha chini ya makuti, kila siku naongeza kidogo.

Shina likisharefuka halirudi kuwa fupi. Lakini nyanya hutoa mizizi kwenye shina lililofukiwa, kwa hiyo nilipoihamishia kwenye ndoo niliifukia hadi karibu na majani. Baada ya siku kama kumi yalichipua majani mapya ya kijani kibichi, mazito, yenye ile harufu ya nyanya ukiyagusa.

Imepona minane. Mbegu za mwezi huu nimezisia huko huko juu.