Tulivyompata Mtu Mmoja wa Kusimamia Matunzo ya Baba

Baba alipopata kiharusi kilichompooza upande wa kushoto, sisi watoto wake tulikuwa tumetawanyika: kaka yangu ni mwalimu mkuu Dodoma, mdogo wetu yuko Mwanza, nami naishi Arusha, na Baba mwenyewe hakutaka kusikia habari ya kuhama kihamba chake, yaani shamba la ukoo lenye nyumba yake, huko Kibosho, Kilimanjaro. Fedha tulichanga bila kugombana, na kadi ya bima ya afya aliyopata kama mtegemezi wa kaka yangu ililipia sehemu kubwa ya matibabu ya hospitali. Kilichotushinda ni kumpata mtu anayeijua hali yake kwa ujumla. Daktari wa shinikizo la damu alijua lake, mtaalamu wa fiziotherapia, yaani mazoezi ya viungo, wa hospitali ya KCMC ya Moshi lake, kliniki ya macho lake, na msichana anayekaa naye nyumbani lake. Kundi letu la WhatsApp la familia, ambalo kwa wingi wa ushauri lingeweza kufungua hospitali, halikujua hata moja kwa ukamilifu.

Katika kikao cha familia cha Desemba, mwezi ambao Wachagga hupatikana wote nyumbani, nilipendekeza tumlipe muuguzi mstaafu anayeishi Moshi mjini, si kwa ajili ya kumwogesha Baba wala kumlisha, bali kwa ajili ya kusimamia na kuunganisha matunzo yake yote. Shangazi, ambaye nyumba yake inapakana na ya Baba, alipinga waziwazi: “Mwanangu, mzee ana watoto na ndugu wote hawa, halafu tumlipe mgeni aje kutuambia anavyoendelea?” Sikumlaumu, kwa kuwa kwetu kumtunza mzazi ni heshima ya ukoo. Nilimjibu kwamba matunzo yangebaki kuwa yetu, ila huyu angelipwa kwa sababu anaelewa maandishi ya cheti cha daktari na sisi hatuyaelewi. Alikubali kwa shingo upande. Tuliandika mkataba wa ukurasa mmoja: Sista, kama tulivyozoea kumwita, angepanda Kibosho kila wiki, angekuwapo kwenye kila kliniki, angetunza daftari moja la mgonjwa, na angetoa taarifa kwa mtu mmoja tu, ambaye ni mimi. Kipengele nilichokipigania zaidi ni kile kinachomruhusu kumpeleka Baba hospitali wakati wa dharura bila kusubiri idhini ya yeyote kati yetu, maana watu watatu walio katika mikoa mitatu hawawezi kukubaliana kwa simu huku mgonjwa akizidiwa.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa dawa. Alimwomba msichana amletee kila kilichokuwa kabatini, akapanga maboksi mezani, akaanza kusoma maandishi madogo yaliyo chini ya majina makubwa. Maboksi mawili yenye rangi na majina tofauti ya biashara yalikuwa na dawa ile ile ya shinikizo la damu, amlodipini, moja ikiwa imeandikwa katika hospitali ya serikali na nyingine katika hospitali moja ya binafsi, na Baba alikuwa akimeza zote mbili kila asubuhi kwa uaminifu mkubwa. Miguu yake ilikuwa imevimba, na kizunguzungu tulikuwa tumekihesabu kuwa sehemu ya kiharusi. Sista hakujipa mamlaka ya kuondoa dawa. Siku hiyo hiyo aliyapeleka maboksi yote kwa daktari, ambaye alisimamisha moja na kuandika upya orodha nzima kwa majina halisi ya dawa. Nakala ya orodha hiyo imebandikwa ndani ya mlango wa kabati.

Baada ya hapo aligeukia chakula, kwa sababu Baba alikuwa akipaliwa kila anapokunywa maji. Alimwonyesha msichana namna ya kumketisha wima, kidevu kikiinama kidogo, kumpa kijiko kidogo na kusubiri ameze kabla ya kingine, kisha kuchungulia shavu la kushoto, ambako chakula hubaki bila mgonjwa kuhisi. Mtori mzito ulimfaa kuliko mchuzi mwepesi, na hapo Shangazi alipata nafasi ambayo hakuna aliyeweza kumnyang'anya: mtori wa jioni hutoka jikoni kwake. Alifundishwa pia kutomwinua kaka yake kwa kumvuta mkono uliopooza, jambo ambalo wote tulilifanya kwa mapenzi, kumbe ndilo linaloharibu bega.

Miadi ya kliniki ilipangwa upya ili fiziotherapia na macho viangukie siku moja, jambo lililopunguza gharama ya kukodi gari, hasa wakati wa masika, madereva wanapopandisha bei kwa sababu ya tope.

Naona familia nyingi husahau mtu anayelala na mgonjwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya siku 28 kwa mwaka na mapumziko ya saa 24 kila wiki, na Sista alikataa kupanga ratiba yoyote isiyoheshimu hayo, akisema kwamba msichana aliyechoka hatamgeuza mgonjwa usiku, na vidonda vya mgongoni vitafuata. Jumapili hukaa Shangazi na binti yake. Likizo ndefu tumeiweka Desemba, wakati watoto tuko nyumbani, na zamu zetu zimeandikwa ndani ya daftari. Kaka yangu, pamoja na ukuu wake wa shule, alitakiwa kwanza amwinue Baba kutoka kitandani hadi kwenye kiti mbele ya Sista. Alirudia mara kadhaa ndipo jina lake likaandikwa.