Mtoto aanze lini kuingia bwawani? Kwanza nionyeshe geti

Tangu tuhamie kwenye hii nyumba yenye bwawa huku Mbweni, kina mama wenzangu swali lao ni moja tu, eti mtoto aanze lini kuingia kwenye maji. Wanategemea niwatajie mwezi, miezi sita, mwaka, basi waende zao. Mie nikianza kuuliza na bwawa lenu lina geti? wanaona kama nawakwepa. Sikwepi. Kama bwawa halina geti lake peke yake, hayo ya aanze lini subiri kwanza.

Maana nyumba nyingi nilizoingia hapa Dar zenye mabwawa, na hizi za kukodi wikiendi ndio kabisa, unatoka sebuleni unafungua mlango wa kioo hatua chache uko kwenye maji. Ukuta wa nje mrefu, juu nyaya za umeme, mlinzi yupo, lakini jamani ukuta ule ni wa mwizi, mtoto wako tayari yuko ndani ya ukuta! Uzio wa bwawa unatakiwa uzunguke pande zote nne, yaani utenganishe maji na nyumba pia, urefu usipungue mita 1.2, nafasi kati ya chuma na chuma isizidi sentimita 10, geti lifungukie nje upande usio wa maji na lijifunge lenyewe, na komeo liwe juu mkono mdogo usifike. Fundi wa kuchomelea alivyokuja kwetu akataka aniwekee maua ya chuma katikati, anasema mama bila maua litaonekana kama geti la gereza. Nikamwambia fundi hayo maua ni ngazi, mtoto anaweka mguu hapo, mwingine pale, keshavuka. Niwekee vyuma vya wima vitupu tu. Alinuna lakini akaweka. Alafu viti vya plastiki na ndoo visikae karibu na huo uzio, watoto wa miaka miwili mitatu wanajua kuburuta kiti kuliko tunavyodhani.

Haya turudi kwenye umri. Madaktari wa watoto wa Marekani kwenye chama chao zamani walikuwa wanashauri mafunzo ya kuogelea yaanze miaka 4, mwaka 2010 wakalegeza, sasa wanasema kuanzia mwaka 1 mtoto anaweza kufundishwa na inasaidia kupunguza hatari ya kuzama. Chini ya mwaka hakuna ushahidi kwamba yale madarasa ya vichanga yanamkinga. Kwahiyo kichanga ukimwingiza bwawani unacheza nae tu, anazoea maji usoni, anazoea kushikwa, basi. Usije ukajidanganya kwamba huyu wangu wa miezi minane anajua maji.

Na zile video mtu anamtupa mtoto majini eti wanazaliwa wanajua kuogelea, hapana. Kichanga ana kawaida ya kubana pumzi maji yakimgusa uso, ni mwili tu unajiendesha, na miezi ikisogea inapotea. Kubana pumzi sekunde chache sio kuogelea. Mie nikiziona zile video huwa napita haraka, roho inaniuma.

Bibi yake mtoto kwa upande wa baba aliposikia tunataka kumwingiza mdogo kwenye maji alikuja juu, mtamletea nimonia mwanangu! Nimonia inaletwa na vijidudu sio na bwawa, lakini kwenye baridi bi mkubwa ana hoja, maana vichanga wanapoteza joto la mwili haraka kuliko sisi. Maji ya mtoto mdogo inatakiwa yawe kama nyuzi 32 hivi, na bwawa la nyumbani lisilo na hita mwezi wa saba hata hapa Dar halifiki huko. Kwahiyo sisi kipupwe hatumwingizi, tunasubiri joto, na tunaingia jioni kuanzia saa kumi, maji yameshakunywa jua kutwa nzima na lile jua kali la saa nne mpaka saa kumi limepungua. Walio chini ya miezi sita jua la moja kwa moja wasikae kabisa. Dakika kumi za kwanza zinatosha, baadae unaongeza taratibu mpaka ishirini. Ukiona midomo imebadilika rangi au anatetemeka toa, kausha, vesha, hata kama yeye analia anataka kubaki.

Kabla ya bwawa tulianzia bafuni kwenye beseni, kumwagia maji kidogo kichwani yashuke usoni, unamwambia kwanza, moja, mbili, tatuuu, ndio unamwaga, akizoea hesabu anafumba macho mwenyewe. Tukahamia ngazi ya kwanza ya bwawa. Hapo kwenye ngazi ya kwanza mtu asikuharakishe, sisi tumekaa hapo sana, yeye na kikombe chake cha plastiki anachota anamwaga, anachota anamwaga, maji yanamfika kiunoni na mie nimekaa ngazi ya chini yake namtazama uso kwa uso, mkono wangu uko pale pale. Anapata kujua maji yana uzito, yanasukuma, yanaingia puani na yanauma.

Alipofika mwaka na nusu nikaanza kumfundisha kusubiri. Anakaa ukingoni, miguu ndani ya maji, haingii mpaka nimwambie "ingia mama." Akiingia kabla tunatoka, tunakaa tena, sigombi, lakini sibembelezi. Hili ndio somo ninalolipenda kuliko yote maana siku mimi sipo kile kitu cha kusubiri ruhusa kinaweza kumpa mtu mzima nafasi ya kufika. Kinaweza, sijasema kitampa.

Baada ya hapo nikamfundisha ukuta. Anashika ukingo kwa mikono yote miwili anatembea kama kaa, vidole vya mkono wa kulia vinasogea, vya kushoto vinafuata, tumbo limegusa vigae, mpaka afike kwenye ngazi atoke mwenyewe. Vidole vinakuwa vyeupe mwanzoni anavyokaza! Akishaweza ndio unamwacha arukie mikononi mwako na unamgeuza hapo hapo arudi ukutani. Ruka, geuka, shika. Watu wanakimbilia kufundisha kupiga miguu na mikono, mie naona mtoto mdogo ajue kwanza njia ya kutoka.

Maboya ya mikononi yale ya kupuliza sina. Yanamfanya mtoto asimame wima kwenye maji, alafu anaamini anaelea, siku umemvua anakimbia anajitupa vile vile akijua ataelea. Na yakivuja je? Kama mnapanda boti huko baharini mnunulie jaketi la kuokolea la saizi yake, hapa bwawani boya ni mikono yangu.

Pampasi za kawaida zinafyonza maji zinavimba zinakuwa mzigo, tafuta za kuogelea, ila nazo zinazuia kinyesi kisisambae tu, vijidudu vinapita. Mtoto anayeharisha asiingie kabisa, kuna kijidudu kinaitwa kriptosporidiamu kinaweza kukaa hai kwenye maji yenye klorini ya kutosha zaidi ya siku 7. Klorini yenyewe isipungue miligramu 1 kwa lita na pH, yaani kipimo cha ukali wa tindikali kwenye maji, iwe kati ya 7.0 na 7.8, vipimo vya matone vinauzwa, usikubali tu maneno ya kijana anayesafisha kwamba "nimeweka dawa bosi." Ile harufu kali inayochoma macho watu wanadhani ndio usafi, kumbe mara nyingi ni klorini iliyokutana na mikojo na jasho.

Kitu kingine watu hawakiangalii ni tundu la chini linalovuta maji. Mwaka 2002 huko Marekani Graeme Baker, mtoto wa miaka 7, mjukuu wa James Baker aliyewahi kuwa waziri wa mambo ya nje, alivutwa na tundu la aina hiyo kwenye bwawa dogo la maji moto na mama yake akashindwa kumnasua, akafariki, na sheria ya mwaka 2007 ya mifuniko salama ikapewa jina lake. Mtoto alikuwa anajua kuogelea. Angalia mfuniko wa kwenu haujavunjika, usiwe bapa, na watoto wa kike waliosukwa rasta ndefu wafunge nywele juu.

Siku za sherehe ndio naogopa zaidi. Watu wazima wamejaa, nyama inachomwa, muziki, kila mtu anajua kuna mwenzake anaangalia. Mtoto anayezama hapigi kelele, hawezi, mdomo uko kwenye maji, anashuka kimya. Kwetu mtu mmoja anapewa zamu kwa jina, simu anaweka chini, na kukabidhiana kunafanyika kwa mdomo, nakuachia, nimepokea. Kumpigia dada kelele kutoka jikoni "dada muangalie mtoto!" hiyo sio zamu, na dada wa watu mwenyewe hajui kuogelea, akiruka tutakuwa na wawili majini. Baba watoto nae alikuwa hajui, amejifunza ukubwani, anapiga maji mpaka majirani wanachungulia, lakini anafika.

Na mkimtoa mtoto kwenye maji hapumui msimning'inize kichwa chini wala kumkandamiza tumbo, nimeona watu wanafanya hivyo kwa nia njema kabisa na dakika zinapotea. Anapuliziwa pumzi 5 kwanza, kisha kukandamizwa kifua, huku mwingine anatafuta msaada na gari. Haya mambo ukiyasoma tu mikono haikumbuki, yanafanywa kwa mikono kwenye mdoli. Msalaba Mwekundu wanafundisha huduma ya kwanza, na vituo vingine vipo. Ukienda nenda na dada pia, mchana kutwa ndio yupo na mtoto, sisi tuko kwenye foleni ya Tegeta.