Nilivyoripoti pepa yenye picha iliyorudiwa mpaka ikafutwa

Mi nasoma masta ya baiolojia ya molekuli, hii ilinikuta wakati naandika litricha rivyu. Kuna pepa moja ya saratani imenukuliwa sana na nilitaka kuitumia kuchagua protini ya kupima, sasa nikawa nakuza figa zake, yani picha za matokeo, moja moja, kufika kwenye ile michirizi ya aktini, protini iliyopo karibu kila seli, ambayo kila mtu huiweka chini kuonyesha sampuli zilipakiwa sawa, nikaona mbona hii kama nimeiona juu huko. Kumbe ipo figa nyingine ya pepa hiyohiyo, imegeuzwa kulia kushoto, na maelezo yanasema ni seli za aina nyingine kabisa!

Sikumwambia mtu kwanza. Nilishusha picha kubwa kwenye tovuti ya jarida, sio ya kwenye PDF, maana hiyo imebanwa na ina chengachenga zinazodanganya macho. Nikaingiza ImageJ, programu ya kuchambua picha, ni ya bure, nikageuza moja, nikapandisha kontrasti, nikailaza juu ya mwenzake. Usihangaike na michirizi yenyewe, hiyo hufanana tu, we angalia uchafu: vidoa, mikwaruzo, ukingo uliopinda. Vidoa vikiangukia palepale kwenye majaribio mawili tofauti basi hiyo ni picha moja.

Supavaiza wangu alipoziona akasema andika, ila neno udanganyifu lisitokee popote. Nilibisha kidogo. Lakini ana hoja, Elisabeth Bik, mtafiti anayesaka picha zenye shida kwenye pepa za sayansi, na wenzake walipitia pepa 20,621, matokeo wakayatoa 2016, kama asilimia 3.8 zilikua na picha zenye shida, na angalau nusu ya hizo zilionyesha dalili za kuchezewa makusudi. Zilizobaki huenda mtu alibandika faili sio, na we ukiwa nje utajuaje hii ipo kundi gani.

Kwa hiyo imeili ilikua fupi: namba za figa, picha mbili zimepangwa sambamba na viboksi vya rangi kwenye vidoa vinavyolingana, halafu ombi moja tu, waandishi watoe picha halisi kabla hazijakatwa. Nikamtumia mhariri mkuu, nakala kwa ofisi ya maadili ya mchapishaji.

Wakajibu wamepokea, wanachunguza, baada ya hapo kimya cha muda mrefu sana mpaka nikaacha kufungua imeili kwa matumaini. Nilikua najiliwaza na ile pepa ya ugonjwa wa Alzheimer, ule wa kupoteza kumbukumbu, iliyotoka kwenye jarida la Nature 2006, shaka za picha zake zilitangazwa hadharani 2022 lakini kufutwa imefutwa 2024, na hiyo dunia nzima inaangalia.

Ile niliyoripoti mimi ilifutwa pia. Tangazo lenyewe sentensi chache, kwamba waandishi hawakuweza kuleta picha za awali na wahariri hawana imani tena na matokeo, basi, nani alifanya nini hawasemi. Na pepa haiondoki mtandaoni, inabaki na alama ya kufutwa, ila aliyeihifadhi kwenye kompyuta zamani haioni hiyo alama labda awe anatumia Zotero, programu ya kutunza marejeo, ile inakuwekea onyo jekundu.

Mi nilishabadilisha protini kitambo. Mwenzangu wa maabara ya jirani ndo alikua ameshaagiza antibodi, ile ya kunasa protini unayoipima, kwa kuifuata pepa hiyo, hela ya mradi imeshatoka, na antibodi ikishafika hairudishwi.