Kivuli cha Shakwe

Mjomba wangu alikuwa mtu wa Tanga, na miaka yote aliyovua sangara Kasensero, upande wa Uganda wa Ziwa Victoria, alilalamika kwamba ziwa halina kupwa na kujaa. Kwao maji yakitoka unavuka kwa miguu hadi kisiwani, unaokota chaza, unasaka pweza, halafu bahari inarudi kukufukuza. "Huku hakuna wa kukufukuza," alikuwa akisema. "Ujifukuze mwenyewe."

Mwaka 2007, nikiwa na miaka 14, nilimbembeleza mpaka akanichukua Musambwa. Ni visiwa vitatu vya mawe, kama kilomita 3 kutoka ufukwe wa Ghuba ya Sango, na mwaka uliotangulia vilikuwa vimeingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa. Kisiwa kikubwa kina kambi ya wavuvi. Mwanamke anashuka mchana ila haruhusiwi kulala pale, na nyoka, ambao ni wengi, hawauawi. Jina lenyewe kwa Kiganda ni la mizimu. Lakini mimi nilitaka kile kidogo kisicho na mtu.

Harufu ya mavi ya ndege ilitupokea kabla ya mwamba. Mjomba alizima injini akabaki kuushika mtumbwi, akaniambia, "Mwanangu, tazama, usikawie." Nikaruka jiweni.

Shakwe wote wa upande ule wakainuka. Vichwa vya kijivu, midomo na miguu myekundu, na kelele iliyonifanya nizibe masikio. Inasemekana hakuna koloni kubwa zaidi ya shakwe hawa Afrika nzima, na mimi nilisimama katikati yake nikiwa na furaha ambayo sijawahi kuipata tena. Nilichuchumaa kwenye kiota kimoja, vijiti na majani makavu tu, chenye mayai mawili ya rangi ya tope la mfinyanzi yenye madoa meusi. Pembeni, kwenye ufa wa jiwe, kifaranga wa manyoya laini alikuwa ametanua mdomo, koo likimpiga haraka haraka. Nilidhani ananiomba chakula.

"Rudi!" Mjomba alikuwa hajawahi kunipigia kelele namna ile. "Toka hapo, unawachoma!"

Nikaweka kiganja juu ya mwamba, nikakiondoa upesi. Ilikuwa karibu saa sita. Siku zote nilijua ndege huatamia ili mayai yapate joto. Kumbe juu ya jiwe lile, jua likiwa utosini, shakwe hukaa ili mayai yapate kivuli. Nami nilikuwa nimewaondolea wazazi wao, mamia kwa pamoja.

Nilikimbia nikiangalia pa kukanyaga. Nyuma yangu mwewe alishuka akapaa na kitu kucha zikiwa zimekikamata. Kwenye kile kiota cha mayai mawili alitua shakwe, nikashukuru Mungu, kabla sijaona kwamba anadonoa. Alikuwa jirani, si mama.

Mjomba alisukuma mtumbwi mbali bila kuwasha injini. Hakunigombeza. Tulielea tukitazama weupe ukishuka tena juu ya mwamba, kiota kwa kiota. Shakwe mmoja alirudi pale nilipochuchumaa, akamfukuza yule mdonoaji, akaligeuza kwa mdomo yai lililobaki. Hakulalia. Alisimama juu yake, akaachanisha mabawa kidogo, akatulia.

"Twende," nilimwambia mjomba.