Jumamosi ya Mpiga Picha za Harusi Kampala

Wengi humwona mpiga picha amesimama karibu na keki wakadhani kazi yake ni kubonyeza. Jumamosi ya kawaida hapa Kampala huenda hivi.

Saa kumi na moja alfajiri. Vifaa vilikaguliwa jana usiku: kamera mbili, betri sita, flashi mbili, kadi tupu za kuhifadhia picha. Saa za kamera zote mbili hulinganishwa hadi sekunde, maana zikipishana, picha za siku nzima huvurugika wakati wa kuzipanga. Kila kamera huandika kwenye kadi mbili kwa pamoja, kwa sababu kadi hufa bila kuaga.

Saa moja tuko Ntinda kwa bibi harusi. Gauni, pete, mama akifunga vifungo. Taa ya dari huzimwa, na bibi harusi husogezwa dirishani. Taa ya manjano ikichanganyika na mwanga wa mchana, shavu moja huwa la chungwa na jingine buluu.

Saa tano, kanisani Namirembe. Mchungaji huulizwa mapema kama flashi inaruhusiwa wakati wa viapo. Akikataa, ni lenzi ya 85 mm ya kuvuta karibu, tundu lake limefunguliwa wazi (f/2), wepesi wa kamera kwa mwanga umepandishwa (ISO 3200), na mkono uliotulia. Kinachoudhi ni simu. Bibi harusi anaingia na baba yake, wageni wanatoka vitini wanajaza njia, na hatua zile hazirudiwi. Ndiyo maana mshereheshaji au mchungaji huombwa atangaze kabla mlango haujafunguliwa.

Saa saba na nusu, picha za familia. Hapa ndipo siku huvunjika mgongo. Jua la ikweta liko utosini, macho yanageuka mashimo meusi, gauni jeupe linang'aa kupita kiasi na suti nyeusi zinameza mwanga. Tafuta kivuli cha mti mkubwa, kivuli kizima, kisicho na matundu ya jua. Pima mwanga kwa gauni, kisha inua nyuso kwa flashi. Safu tatu za watu zinataka f/8, yaani tundu dogo ili wote waonekane wazi, na lenzi ya 35 au 50 mm. Ukitumia lenzi pana zaidi, walio pembeni hunenepeshwa, na watakulaumu wewe.

Makundi kumi na mawili, dakika tatu kila moja, ni dakika 36 kama kila mtu yupo. Hayupo. Baba mdogo anahamisha gari, Ssenga (shangazi) anarekebisha mshipi wa gomesi, vazi rasmi la wanawake, wajukuu wamefuata soda. Orodha ya makundi huandikwa na maharusi wiki moja kabla, na kila upande hutoa mtu mmoja anayezijua sura, aite kwa sauti. Wazee huanza, wakae kitini, wapumzike. Kundi kubwa likishapigwa, watu hupunguzwa hatua kwa hatua badala ya kuongezwa. Fremu tano kwa kila kundi, maana lazima mmoja apepese macho. "Ssebo (bwana), naomba usogee kwa mama," kisha tena, kisha tena, koo likikauka, bila kupandisha sauti. Siharakishi kundi la bibi na babu hata ratiba ikichelewa saa nzima. Msiba ukitokea, familia nyingi huja kutafuta picha ya mzee kwenye harusi ile ile.

Halafu foleni ya magari ya kwenda Munyonyo, kwenye ukumbi wa sherehe. Msaidizi hutangulia kwa bodaboda kuwahi kupiga picha za mapambo kabla wageni hawajakaa. Maharusi wakichelewa, mwanga mzuri wa jioni huisha. Hapa jua huzama karibu saa moja mwaka mzima, na giza hufuata haraka.

Ukumbini, taa za LED za umeme wa 50 Hz hupepesa bila jicho kuona, na huacha mistari kwenye picha shata (pazia la kamera) ikiwa na kasi kubwa. Kasi ya 1/100 au 1/50 ya sekunde kwa kawaida huiondoa. Miguu inauma, chakula kimepoa. Bibi harusi akipiga magoti kuwapa wazazi keki, mpiga picha naye hushuka chini, kwa sababu ukipiga kutoka juu, uso wake hufichwa na shela.

Usiku wa manane nyumbani, kadi hunakiliwa kwenye diski mbili kabla ya kulala, na hazifutwi mpaka maharusi wapokee albamu. Mke na watoto wamelala tangu saa tatu. Jumamosi zao nyingi huenda hivyo. Kwa hiyo mkataba husema wazi: Jumapili simu ya kazi haipokelewi, na picha za kwanza hutumwa Jumatano.